MEZA YA FUNDI: Inawaka, Lakini Haiwaki

Toleo hili niliahidi kuandika juu ya betri za simu zinazovimba. Betri zitasubiri. Usiku wa Jumapili moja mwezi uliopita, uliingia ujumbe wa maneno matatu katika kundi la WhatsApp la chama: "Laptopu yangu haiwaki." Aliyeutuma ni mwenzetu wa shahada ya uzamili, mtoto wa Wete, Pemba, na zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili akabidhi tasnifu yake.

Majibu yalimiminika, mnavyojijua. Mmoja alisema abadilishe chaja. Wa pili akamwambia achomoe kila kitu na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Wa tatu alituma dua. Wa nne akaandika aya nzima juu ya ubora wa aina ya kompyuta anayotumia yeye. Jumatatu dada yetu akanunua chaja mpya kwa pauni 28. Haikubadilika kitu. Jumanne akaipeleka kwenye duka moja la matengenezo mjini, wakaiangalia dakika kumi, wakamwambia bodi kuu imekufa, kuitengeneza ni pauni 220, na mafaili yaliyomo hawaahidi chochote.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na saa kumi na moja za sauti: wazee watatu wa kijijini kwao wakisimulia hadithi na kuimba nyimbo za harusi za zamani. Mmoja wa wazee hao amefariki tangu arekodiwe. Nakala nyingine haikuwapo. Simu aliyorekodia alishaiuza, na nafasi ya hifadhi tunayopewa na chuo alikuwa hajaifungua hata siku moja. Simlaumu. Nikiuliza hapa nani kati yetu ana nakala ya pili ya kazi yake iliyotengenezwa wiki hii, mikono itakayonyooka itahesabika upesi.

Jumatano jioni akaja nayo kwenye kikao cha chama, imefungwa ndani ya kanga kama mgonjwa. Nikamuuliza, "Ukibonyeza, feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Ile taa ndogo ya ubavuni je?"

"Ipo, nyeupe."

"Na ile sauti ya kufunguka, unaisikia?"

"Naisikia, kaka. Lakini ndiyo hivyo, haiwaki."

Hapo ndipo nilipoona siku tatu na pauni 28 zimepotelea wapi. Zimepotelea katika kitenzi. Kuwaka kwetu ni kazi mbili: mtambo unaopata umeme na kuanza kufanya kazi unawaka, na kitu kinachotoa nuru kinawaka. Gari linawaka, taa inawaka. Yeye alikusudia nuru, sisi wote kwenye kundi tulisikia umeme, na kila ushauri tuliompa ulikuwa wa mashine isiyopata umeme. Mashine yake ilikuwa nzima, inapiga kazi gizani. Mwalimu wetu aliyekuwa amekaa pembeni na chai yake alifurahi mno na jambo hili, akataka tujadili vitenzi papo hapo. Tulimwomba atuachie kwanza tumwokoe mwanafunzi wake.

(Mwalimu huyohuyo hupendelea tuseme kipakatalishi. Mimi nitasema laptopu, kwa kuwa ndilo neno ambalo mtu analitumia akiwa na shida saa nane za usiku.)

Neno jingine linalotuponza ni kioo. "Kioo kimekufa" halimwambii fundi chochote. Kioo kinaweza kupasuka, kinaweza kuwa na mistari, kinaweza kuwa cheupe kitupu, kinaweza kuwa cheusi. Kila moja ni ugonjwa mbalimbali. Ukitaka kumweleza fundi, popote alipo, mwambie unachokiona na unachokisikia, na jina la ugonjwa mwachie yeye. Tukirudi kwa dada yetu, ujumbe wa "feni inazunguka, sauti inatoka, skrini nyeusi" ungemwokolea siku zile tatu.

Sasa tuingie ndani kidogo. Skrini nyingi za laptopu ni za kioo cha maji, LCD, na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kioo hicho hakitoi nuru yoyote. Ni pazia. Kina mamilioni ya vidirisha vidogo mno, na kazi ya kila kimoja ni kupitisha mwanga au kuuzuia. Mwanga wenyewe unatoka nyuma, kwenye taa iliyofichwa ukingoni mwa paneli, mara nyingi ukingo wa chini, ukasambazwa na bamba la plastiki angavu lililolala mgongoni mwa kioo. Fikiria mtu aliyechora picha kwenye shuka nyembamba, akaweka karabai nyuma yake. Karabai ikizimika, picha haijafutika. Ipo palepale kwenye shuka, ila wewe huioni.

Na kwa kuwa ipo, unaweza kuitafuta. Nilizima taa za chumba, nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza karibu na skrini kwa upande, kwa pembe kali, siyo kuielekeza moja kwa moja maana hapo utaona mng'ao wa tochi tu. Nikaisogeza polepole. Kwanza hakuna kitu. Halafu, upande wa chini kushoto, ikatokea alama ya saa, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Saa mbili na dakika kumi na saba. Nikampa tochi aangalie mwenyewe. Akaona picha aliyoiweka kama mandhari, ufukwe wa kwao, ikielea gizani. Hakusema neno. Alikaa chini.

Jaribio hilo ndilo msingi wa safu yote ya leo, na halina gharama. Ukiona picha kwa tochi, basi bodi kuu inafanya kazi, diski inafanya kazi, hata kioo chenyewe kinafanya kazi. Kilichokufa ni taa ya nyuma au njia inayoipelekea umeme au amri. Usipoona chochote, mahali ambapo unajua mashine imeshafunguka, tatizo liko kwingine: kadi ya kumbukumbu imelegea, waya wa picha umechomoka, au kweli bodi ina shida. Angalizo moja: skrini za OLED, ambazo sasa zinakuja kwenye laptopu nyingi za bei ya juu, hazina taa ya nyuma kabisa, kila nukta inajiangaza yenyewe. Kwa hizo tochi haitakusaidia.

Kabla ya kugusa kitu chochote kingine, okoa mafaili. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mimi mwenyewe huvutwa na bisibisi kuliko ninavyovutwa na busara. Tuliibeba laptopu hadi chumba cha semina chenye televisheni ukutani, tukaunganisha kwa waya wa HDMI. Mashine nyingi zitaonyesha picha humo mara moja. Yake haikuonyesha. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Upande wa kulia unatokea mfereji wa machaguo, na tochi itakuonyesha umesimama kwenye lipi. Shuka kwa mshale hadi chaguo la pili, la kunakili picha sehemu zote mbili, kisha Enter. Televisheni ikawaka. (Kwa maana ya pili, Mwalimu.) Ufukwe wa Pemba ukajaa ukuta mzima wa chumba cha semina huku nje mvua ya hapa Uingereza ikinyesha kwa ile tabia yake ya kutokunyesha sana na kutoacha.

Saa kumi na moja za sauti zilinakiliwa kwenye diski ya nje ya chama ndani ya dakika ishirini, kisha kwenye hifadhi ya chuo. Alisisitiza tufungue faili moja kuhakikisha linasikika. Tukakaa wote kimya, watu tisa, tukamsikiliza bibi mmoja akikohoa, akicheka, akimuuliza mtu kama ile mashine imeshaanza kunasa.

Ikiwa huna televisheni wala skrini ya pili, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine kupitia kasha dogo la USB. Lakini jihadhari: laptopu nyingi za Windows za miaka hii hufunga diski kwa maandishi ya siri bila hata wewe kuchagua, na ukiihamisha itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Ingia leo, ungali na skrini, uuandike kwenye karatasi.

Mafaili yakishakuwa salama, ndipo unapoweza kutafuta ugonjwa kwa raha zako. Nilianza na yale yasiyohitaji kufungua mashine. Kwanza vitufe vya mwangaza. Usicheke. Kuna laptopu ambazo ukipunguza mwangaza hadi mwisho, skrini inakuwa giza kabisa, na paka akitembea juu ya kibodi anaweza kufanya kazi hiyo vizuri. Nimewahi kukabidhiwa mashine ya namna hiyo na mhadhiri ambaye sitamtaja, nikaitengeneza kwa kidole kimoja, na akanilipa kwa sambusa nne.

Pili, sumaku. Laptopu inajuaje kwamba umeifunga ili izime skrini? Kwenye mashine nyingi kuna sumaku ndogo katika kifuniko na kihisi kilicho chini yake upande wa kibodi. Vikikaribiana, mashine inaamini imefungwa, inazima taa. Ukiweka juu ya sehemu ya viganja simu yenye kava la sumaku, au ukavaa saa yenye mkanda wa sumaku, unaweza kuidanganya. Kihisi chenyewe pia huharibika kikabaki kinasema "nimefungwa" milele. Tuliondoa simu, tukaondoa bangili, tukasogeza sumaku ya friji pembeni mwa kibodi na kuitoa. Giza lilibaki giza.

Tatu, kutofautisha programu na chuma. Zima mashine, iwashe tena huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio ya msingi, ambacho kwa kampuni nyingi ni F2, nyingine Delete, nyingine Esc au F10. Humo Windows haijaanza. Kama skrini inang'aa humo halafu inazimika Windows inapoanza, una bahati: ni programu inayoendesha kadi ya picha, na inaweza kuondolewa na kuwekwa upya. Kama ni giza tangu mwanzo, ni chuma. Kwake ilikuwa giza tangu mwanzo.

Nne, bawaba. Hapa ndipo nilipopata jibu, na natamani ningeanza hapa. Waya unaopeleka picha na umeme kwenye skrini hupita ndani ya bawaba moja, mara nyingi ya kushoto. Kila unapofungua na kufunga, unaukunja. Ukifanya hivyo mara kumi kwa siku kwa miaka minne, ni mikunjo zaidi ya elfu kumi na nne kwenye nyuzi nyembamba kama za nywele. Nyuzi za picha na nyuzi za taa ni tofauti, zinaweza kukatika za taa zikabaki za picha. Nilishika kifuniko kwa mikono miwili, nikakirudisha polepole kutoka wima kuelekea kufungwa. Kwenye pembe ya kama nyuzi 50, skrini ikapepesa. Ikazima. Nikarudisha kidogo, ikapepesa tena. Mwenye mashine akapiga kelele kama timu yake imefunga bao.

"Basi niitumie hivihivi, imeinama," akasema. Nikamwonyesha: ili kuiona kwa pembe ile, inabidi alaze kidevu mezani.

Kufungua kifuniko cha laptopu si uchawi, lakini kuna jambo moja ambalo ni lazima nilikiri kabla sijaendelea. Mwaka jana nilibadilisha skrini iliyopasuka ya jamaa ninayesoma naye. Nilikuwa na haraka, nikaacha betri imeunganishwa, nikachomeka kichwa cha waya kikiwa kimepinda upande mmoja. Hapakuwa na moshi wala cheche. Nilipowasha, skrini mpya kabisa ilikuwa nyeusi. Kwa tochi, picha ilikuwepo. Katika kichwa kile, pini zinazobeba umeme wa taa ziko karibu na pini nyingine, na nilikuwa nimezigusanisha. Fyuzi ya taa ya nyuma, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, iliyokaa kwenye bodi jirani na soketi ya waya, ilikuwa imekatika kwa kufanya kazi yake. Nilikwenda kwa fundi mwenye hadubini na pasi ndogo ya kulehemu, nikamlipa pauni 60 kutoka mfukoni mwangu. Jamaa alinisamehe. Kila tukikutana ananiuliza kama nimeshaosha mikono.

Kwa hiyo: chaja nje, kisha fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa betri kwenye bodi, ndipo uguse waya wa skrini. Si kuizima tu. Umeme wa taa ya nyuma katika mashine nyingi hutoka moja kwa moja kwenye njia kuu ya betri na chaja, na upo hata mashine ikiwa imelala. Halafu piga picha kwa simu kila hatua, hasa jinsi waya ulivyopitishwa katika vijiferi vyake, maana ukiurudisha kwa njia nyingine bawaba itaukata tena. Fremu ya plastiki inayozunguka skrini hubanduka kwa kadi ya zamani ya benki; skrubu zake kama zipo zimefichwa chini ya vigoroli vya mpira. Kichwa cha waya nyuma ya paneli huwa kimefungwa kwa utepe, na pengine kwa kibano cha waya mwembamba. Bandua utepe, inua kibano, vuta taratibu ukifuata usawa wa bodi, usivute juu.

Tulipouona waya wake, eneo la bawaba lilikuwa limechunika gamba na nyuzi mbili zimekatika kabisa. Kama tungeukuta mzima, hatua iliyofuata ingekuwa fyuzi: kwa mita ya fundi, betri ikiwa imechomolewa, unagusa ncha zake mbili, na mita inapaswa kulia. Isipolia, imekatika. Msishawishike kuunganisha kwa kipande cha waya. Fyuzi haikatiki bila sababu, na ukiilazimisha njia bila kutafuta sababu, kitakachoungua mara ya pili hakitakuwa punje ya mtama. Fyuzi ikiwa nzima na waya ukiwa mzima, inabaki paneli yenyewe, yaani taa zake za LED au saketi inayoziendesha, ambayo katika paneli nyingi za sasa imo kwenye kibodi chembamba cha paneli hiyohiyo. Kuna watu wanaobadilisha ukanda wa LED peke yake. Niliwahi kujaribu kwenye paneli mbovu ya kujifunzia, nikaingiza vumbi kati ya tabaka, na ilipowaka ilionekana kama anga la jangwani usiku. Badilisha paneli nzima.

Kuna dalili moja zaidi inayofaa kuijua. Skrini ikiwa na vivuli na miale upande wa chini, kama taa za jukwaa la taarabu, kisha siku moja ikazimika kila unapoifungua zaidi ya pembe fulani, shuku tena waya kwenye bawaba. MacBook Pro za inchi 13 zilizotoka 2016 zilijulikana kwa jambo hilo, na mwezi Mei 2019 Apple ilitangaza kuzitengeneza bure. Katika mashine hizo waya ni sehemu ya skrini, huwezi kuununua peke yake kama tulivyofanya sisi, ndiyo maana waliokuwa nje ya mpango ule waliumia.

Wenye laptopu za kale, za kabla ya 2010 hivi, na ninajua wawili kati yenu mnazo, zenu huenda hazina LED. Zina mrija mwembamba wa mwanga, ndugu wa zile taa ndefu za dukani, na kibodi kirefu chembamba chini ya skrini kinachoupandishia umeme, inveta. Skrini ya namna hiyo ikianza kuwa na rangi ya waridi asubuhi inapowashwa, mrija unazeeka. Ikiwaka sekunde moja kisha ikazima, shuku mrija au inveta. Lakini msiiguse inveta ikiwa na umeme: hutoa mamia ya volti, na wakati wa kuwasha hupita elfu moja. Mrija nao una zebaki kidogo ndani, kwa hiyo ukivunjika fungua dirisha, na mabaki yapelekwe kituo cha taka za umeme cha halmashauri, yasitupwe kwenye pipa la jikoni.

Waya mpya tuliupata kwa pauni 14. Usinunue kwa jina la laptopu pekee, maana kampuni hutumia waya zaidi ya mmoja kwa jina lilelile. Kuna karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye waya wa zamani, yenye namba ndefu. Tafuta namba hiyo. Pia hesabu pini: kuna waya za pini 30 na za pini 40, na hazibadilishani. Ingekuwa ni paneli, za kawaida za inchi 14 au 15 nilizoziona zikiuzwa huanzia kama pauni 40, na namba yake iko mgongoni mwa paneli yenyewe.

Waya ulichukua siku nne kufika. Siku zote hizo dada yetu aliandika sura yake ya mwisho kwenye skrini aliyoazima maktaba, laptopu ikiwa imefumba macho pembeni, inapiga kazi. Nilipouweka waya, kwa dakika arobaini na kwa betri iliyochomolewa, aliniambia alikuwa ameanza kuizoea ile hali ya giza.

Kuhusu lile duka. Sitalitaja, na sidhani walikusudia wizi. Nafikiri waliona skrini nyeusi, wakabonyeza mara mbili, wakaandika bei ya kitu kikubwa kabisa kinachoweza kuharibika. Hawakuzima taa ya chumba. Ukipewa bei ya namna hiyo uliza maswali mawili: mmeijaribu kwenye skrini ya nje, na mmeiangalia kwa tochi? Wakisita, ichukue mashine yako.

Na wale walionunua laptopu mpya hapa Uingereza, kabla ya bisibisi tazameni risiti. Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai pesa zote. Ndani ya miezi sita, kasoro inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kununua, na ni muuzaji anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo. Baada ya hapo bado unaweza kudai, hadi miaka sita kwa England na Wales na mitano kwa Scotland, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako. Unayemdai ni muuzaji, si kiwanda, hata kama dukani watakuelekeza kiwandani. Ukishaifungua mwenyewe ukakata kitu, kesi yako inakuwa ngumu. Mashine ya dada yetu ilikuwa mkono wa pili kutoka kwa mtu binafsi, haikuhusika.

Tasnifu ilikabidhiwa siku mbili kabla ya mwisho. Ameahidi kutusomea sehemu yake moja kwenye kikao cha mwezi ujao na kutusikilizisha zile nyimbo, na Mwalimu ameomba apewe dakika kumi za kitenzi kuwaka. Tumempa tano.

Toleo lijalo, betri zinazovimba, nikijaliwa. Kisanduku cha zana kiko kwenye kabati la chama, ufunguo kwa katibu. Aliyeazima bisibisi ndogo ya nyota tangu mwezi wa kumi anajulikana, na anaombwa airudishe kabla sijalitaja jina lake.